Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa SRC: Ongezeni mshahara wa msingi wa daktari

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Mishahara na Marupurupu,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Katika mgomo wa madaktari wa 2024 mjadala wote ulikuwa juu ya jumla: daktari mwanagenzi alipwe shilingi 206,000 kwa mwezi za CBA (mkataba wa pamoja kati ya serikali na chama cha madaktari) ya 2017, au 70,000 zilizopendekezwa. Wachache waliuliza ndani ya jumla hiyo mshahara wa msingi ni kiasi gani. Swali hilo ndilo letu.

Tuchukue daktari wa mfano wa 200,000 kwa mwezi. Msingi ni 60,000. Zilizobaki, 140,000, ni marupurupu ya nyumba, usafiri, hatari, kuitwa kwa dharura na kutofungua kliniki binafsi. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, hukata asilimia 2.75 ya jumla yote, yaani 5,500. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 3,000. Pensheni ikifika, jumla inasahaulika: serikali kuu huchangia asilimia 15 ya msingi pekee, 9,000. Msingi ungekuwa 120,000 na marupurupu 80,000, mchango ungekuwa 18,000, na jumla ingebaki ile ile. Hata nyongeza ya asilimia 10 ya msingi humpa daktari huyu 6,000 tu, sawa na asilimia 3 ya jumla yake. Halafu tunashangaa akigoma tena!

Huko England, mkataba wa madaktari bingwa wa 2003 uligawa wiki katika vipande 10 vya saa nne. Msingi hulipia vipande hivyo, na nyongeza ya zamu ya kuitwa haizidi asilimia 8 ya msingi. Si kwamba wao wametulia. Madaktari wa huko ambao bado hawajawa bingwa waligoma kuanzia Machi 2023 kwa sababu ya mfumko wa bei.

Wapo wanaoshauri daktari alipwe kwa kila huduma, kama Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, inayohesabu kazi, gharama za kituo na bima ya makosa. Huko anayetibu wengi hulipwa zaidi. Daktari wa pekee katika hospitali ndogo ya Turkana atafidiwaje?

Tunaomba marupurupu anayopewa kila daktari yaingizwe kwenye msingi, na yanayotegemea zamu yabaki kando. Michango ya pensheni itapanda, hilo hatufichi. Na kwa kuwa tangu 2013 mwajiri wa madaktari wengi ni kaunti, jedwali jipya la mishahara litaje fungu litakalolipia ongezeko hilo, la sivyo michango itaonekana kwenye hati ya malipo bila kufika kwenye mfuko wa pensheni.