Barua kwa Mwanangu Kabla Hujaacha Kufundisha

Mwanangu mpendwa,

Kaka yako amenieleza kwamba umekwisha kuandika barua ya kujiuzulu chuoni, na kwamba unangoja tu Februari 2027, kwa kuwa sheria inamtaka mtumishi wa umma anayegombea kiti, kama unavyotaka wewe, aache kazi miezi sita kabla ya uchaguzi. Habari hiyo nilistahili kuisikia kutoka kwako. Kabla hujaipeleka, nijibu swali moja: ukishindwa, wewe na watoto mtakula nini?

Najua utanitajia Profesa Kivutha Kibwana. Ni kweli kwamba alitoka katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, akapigania mageuzi ya katiba, akaingia bungeni mwaka 2002 na kuwa waziri. Lakini mwaka 2007 watu wetu hawa hawa wa Makueni walimnyima kura. Alipokuwa gavana mwaka 2013, ugomvi wake na wawakilishi wa wadi ulizidi hata risasi zikafyatuliwa mjini Wote mwaka uliofuata, watu wakajeruhiwa, na wananchi wakatia sahihi ili kaunti ivunjwe, jambo ambalo Rais alilikataa. Mimi kazi yake naishukuru. Mama yako alitibiwa kwa mpango wa Makueni Care, ambao nyumba nzima ililipia shilingi 500 kwa mwaka, na kiwanda cha Kalamba kimewapa wakulima wa maembe mahali pa kuuzia. Hata hivyo, alipoomba useneta mwaka 2022, baada ya mihula miwili ya kazi hiyo yote, alishindwa. Ikiwa yeye alishindwa, wewe ukishindwa mtakula nini?

Sisemi kwamba hufai. Tasnifu yako naihifadhi pamoja na hati ya shamba, mahali pasipofika panya, na hakuna mgeni anayeondoka hapa bila kuonyeshwa jina lako. Ninachoogopa ni kampeni, kwa maana inakula pesa ambazo hazikutengwa kwa ajili yake. Ile karo ya kidato cha tatu, ambayo hadi leo unaamini ilimalizwa na ukame, sehemu yake ilinunua mafuta ya gari la mgombea aliyeniahidi cheo, na hakushinda. Mama yako anajua, ingawa hatulizungumzi. Kwa hiyo hati ya shamba usiniombe, wala usimtume kaka yako aniombe.

Tangi la maji limepasuka upande wa chini, na fundi anataka alipwe kabla hajaligusa. Nzi wa matunda wamerudi kwenye miembe iliyo karibu na mto. Ukija, niletee mitego kama ile ya mwaka jana. Presha ya mama yako imetulia, lakini usimweleze habari hizi kwa simu usiku, kwani hapati usingizi.

Njoo Jumamosi na barua hiyo, kama bado haijatoka mkononi mwako, na uniandikie katika karatasi nyingine mtakavyoishi mwaka wa kwanza bila mshahara.

Ni mimi baba yako.