Safari ya kutazama ndege Iceland: naomba majibu

Habari zenu wapendwa. Juni imekaribia na gari halijalipiwa.

1. Amana ni krona 40,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa saa 2 usiku.
2. Madereva, nitumieni picha za leseni. Kule tunaendesha kulia, taa zikiwaka hata mchana, na kuacha barabara kukata nyikani ni marufuku.
3. Tunaanza na bata wa Ziwa Mývatn (visubi ni wengi, beba chandarua cha kichwa), kisha magenge ya baharini ya Látrabjarg. Pafini (ndege wa baharini) huchimba mashimo ukingoni, udongo unamomonyoka. Kwa hiyo tutawatazama tukiwa tumelala kifudifudi. Hili nawasihi sana, jamani.

Andikeni "Nipo" au "Sipo" hapa hapa leo, nijue ukubwa wa gari.