Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Disney: itoeni Song of the South, na msimuliaji wake aonekane

Kwa Mtendaji Mkuu,
Kampuni ya Walt Disney,
Burbank, California,
Marekani.

Mheshimiwa,

YAH: FILAMU YA SONG OF THE SOUTH YA MWAKA 1946

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kutoka Morogoro, Tanzania, ambako nafundisha fasihi simulizi katika shule ya sekondari. Sina hisa katika kampuni yako wala cheo chochote. Kinachonileta kwako ni Sungura. Mnyama aliye katikati ya filamu mliyoifungia tunamfahamu tangu utotoni, na ndugu zake walivuka bahari vinywani mwa watu waliofungwa minyororo. Ombi langu ni kwamba filamu hiyo itolewe ikiwa nzima, ikiwa na maelezo ya Wamarekani Weusi wenyewe, kwa watu wazima wanaotaka kuijua.

Wengi watakaosoma barua hii hawajaiona, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni filamu ya familia ya dakika 94, yenye waigizaji waliochanganywa na katuni. Mtoto wa Kizungu, Johnny, anapelekwa kwenye shamba la bibi yake huko Georgia, baba yake anarudi Atlanta, mtoto anabaki na majonzi. Anayemliwaza ni mzee Mweusi, Uncle Remus, kwa hadithi za Br'er Rabbit, sungura anayewazidi akili mbweha na dubu. Mzee huyo aliigizwa na James Baskett, ambaye pia ndiye sauti ya mbweha. Wimbo anaouimba, "Zip-a-Dee-Doo-Dah", ulipata tuzo ya Oscar.

Ubaya wake hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Kisa kimewekwa baada ya utumwa kukomeshwa, lakini filamu haisemi popote ni mwaka gani, na watu Weusi wanaishi vibandani, wanakwenda kazini wakiimba na kurudi wakiimba. Hakuna mwenye dai, hakuna mwenye kovu. Johnny anapojeruhiwa na fahali, wanakusanyika nje ya nyumba kubwa kumwombea kwa nyimbo, kana kwamba maisha yao hayana shauri jingine usiku ule. Mtazamaji asiyeijua historia ya Georgia ataondoka akiamini kuwa ndivyo walivyoishi, na kuwa walitosheka.

Haya hayakugunduliwa jana. Walter White, katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, aliyapigia magazeti simu ya maandishi mwaka huohuo wa 1946. Alikiri ufundi wa muziki na wa kuchanganya watu na katuni, kisha akasema kwamba filamu inasaidia kuendeleza picha ya utumwa iliyotukuzwa, tena kwa namna ya hatari. Watu wa National Negro Congress, chama kingine cha Weusi, walisimama na mabango nje ya majumba ya sinema. Hivyo anayesema leo kwamba enzi zile hakuna aliyejua kuwa jambo hili lina makosa, anawafuta watu hao. Walijua, walisema, wakapuuzwa.

Na hapo ndipo penye uzito, Mheshimiwa. Kampuni yako haikuifungia filamu walipolalamika. Iliirudisha kwenye sinema mwaka 1956, ikairudisha 1972, 1973, 1980 na 1986. Kanda zake za video ziliuzwa Uingereza, na Japani pia iliuzwa, wakati Mmarekani nyumbani kwake hakuwahi kuuziwa. Mwaka 1989 mkafungua Splash Mountain katika bustani ya Disneyland, mchezo wa kuteremka na mtumbwi majini, ukiwa na wanyama wa filamu na nyimbo zake. Uncle Remus hakuwamo. Mlimchukua sungura, mbweha na dubu, mkachukua na wimbo, mkamwacha mzee aliyewasimulia. Mamilioni ya watoto waliteremka pale wakicheka bila kujua kwamba nyuma ya yule sungura palikuwa na binadamu.

Machi 2020 Bob Iger, mwenyekiti mtendaji wa kampuni yako wakati huo, akizungumza na wanahisa, alisema filamu hii haifai kwa ulimwengu wa leo hata ikiwekewa onyo. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, kwenye Disney+, huduma yenu ya kutazama filamu mtandaoni, mliweka onyo jipya mbele ya Dumbo, Peter Pan na nyingine za zamani, likisema kwamba dhana hizo potofu zilikuwa mbaya wakati ule na ni mbaya sasa, na kwamba badala ya kuziondoa filamu mnataka kukiri madhara yake na kujifunza. Maneno hayo niliyapenda, nikawasomea wanafunzi wangu. Baadaye mkazitoa filamu hizo kwenye kurasa za watoto wadogo, zikabaki kwa wakubwa. Kumbe njia ya kufanya jambo hili kwa heshima mnayo, na mmekwisha kuijaribu. Imeachwa nje filamu moja tu ya aina hii iliyobeba jina kubwa, na ndiyo ambayo mwigizaji mkuu wake ni mtu Mweusi.

Naomba nikae kidogo kwa huyo mwigizaji.

Filamu ilizinduliwa tarehe 12 Novemba 1946 katika ukumbi wa Fox, Atlanta. Walt Disney alikuwapo. Baskett hakuwapo, kwa sababu sheria za ubaguzi za Atlanta zisingemruhusu kushiriki sherehe za filamu yake mwenyewe pamoja na wenzake. Machi 1948 alipewa Oscar ya heshima kwa uigizaji huo, mwanamume Mweusi wa kwanza kupata Oscar kwa kuigiza, na Disney mwenyewe ndiye aliyempigania aipate. Julai mwaka huohuo alifariki, akiwa na umri wa miaka 44. Hattie McDaniel, mwigizaji mwanamke Mweusi aliyekuwa ameshinda Oscar kabla yake, naye yumo, katika nafasi ya mpishi.

Kuna sehemu ambayo mama wa Johnny anamwambia Uncle Remus asimsimulie mtoto hadithi tena. Mzee mzima, mwenye mvi, anaamriwa na mwanamke ambaye ni rika la mtoto wake anyamaze. Anaitikia. Baadaye anafungasha virago aondoke. Ukimtazama usoni Baskett katika sehemu hiyo utaona mambo ambayo mswada wa filamu haukumpa ayaseme. Wanaomtetea na wanaompinga wangeweza kubishana vizuri juu ya uso huo, kama ungeonekana.

Sasa turudi kwa Sungura. Hadithi za filamu zimetoka katika vitabu vya Joel Chandler Harris, Mzungu wa Georgia aliyeanza kuzichapisha zikiwa kitabu mwaka 1880. Akiwa kijana, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alijifunza kazi ya uchapaji katika shamba la Turnwold, na huko akawa anakaa vibandani kwa watumwa akisikiliza. Baadhi ya waliomsimulia wanajulikana kwa majina: George Terrell, Old Harbert, Aunt Crissy. Harris akawaunganisha katika mzee mmoja wa kubuni, akampa jina la Remus, na mzee huyo akampendezesha kwa wasomaji Wazungu kwa kumfanya aikumbuke enzi ya utumwa kwa mapenzi.

Mwanafunzi wangu yeyote akisimuliwa kisa cha sungura aliyenaswa na sanamu la lami, kilichomo katika filamu, atakwambia anakijua. Sisi tunasimulia hivi: palikuwa na ukame, wanyama wakachimba kisima, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anaiba maji usiku. Walinzi wote akawadanganya. Mwisho Kobe akapakwa ulimbo mgongoni, akajizamisha kisimani, Sungura akamkanyaga, akanasa mguu, akapiga teke, akanasa na wa pili. Na Br'er Rabbit anapomsihi mbweha amfanye lolote ila asimtupe kwenye kichaka cha miiba, nako ndiko alikozaliwa, sisi tunamsikia Sungura akimweleza Simba namna ya kumuua: nishike mkia, nizungushe, unipige chini. Hapo ndipo anapoponyoka. Askofu Edward Steere alichapisha hadithi za Sungura alizozipata Unguja mwaka 1870, miaka kumi kabla ya kitabu cha Harris.

Sidai kwamba zilitoka pwani yetu. Wengi waliouzwa Georgia walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, na Wawolofu wa Senegali nao wana sungura wao, Leuk. Kuhusu lile sanamu la lami wapo wataalamu walioifuata asili yake hadi India. Ninachosema ni kwamba mnyama mdogo asiye na kucha wala pembe, anayeishi kwa akili katikati ya wenye nguvu, alikuwa na maana nzito kwa mtu anayepigwa viboko mchana na kusimulia usiku. Maana hiyo imo ndani ya katuni zenu, na hata shamba lile lenye furaha ya uongo halikuweza kuiondoa.

Najua watanijibu kwamba Mtanzania hana haki ya kuwapangia Wamarekani Weusi maumivu yao. Ni kweli. Mwandishi Mweusi Alice Walker alizaliwa Eatonton, Georgia, mji uleule alikozaliwa Harris. Aliiona filamu hii akiwa mtoto katika sinema ya mji huo, wakati Wazungu walikaa chini na Weusi walikaa juu. Ameandika kwamba Harris alimwibia sehemu kubwa ya urithi wake, kwa kumfanya auonee aibu. Nyumbani kwao hadithi zile zilikuwa zikisimuliwa na wazazi. Baada ya filamu, zikakoma. Sijawahi kusoma shutuma kali kuliko hiyo, na ndiyo ningetaka itangulie mbele ya filamu, mtazamaji aisikie kabla hajauona mti wala ndege wa katuni. Kwa upande mwingine mwigizaji Mweusi Whoopi Goldberg, mlipomtunuku heshima ya Disney Legend mwaka 2017, aliomba filamu irudishwe ili watu wazungumze ilikuwa nini, ilitoka wapi na kwa nini ilitengenezwa. Hao wawili hawakubaliani, na wote wawili wana haki ya kusema kuliko mwanasheria wa kampuni.

Kwa sasa anayenufaika na kufungiwa ni nani? Nakala zilizotoka Uingereza na Japani zinazunguka mitandaoni, zinauzwa na kugawiwa bila neno hata moja la maelezo. Mtoto akiikuta leo, anaikuta uchi: hakuna Walter White, hakuna Walker, hakuna Terrell. Wengine wanaisambaza kama tunda la siri, wakidai imefichwa kwa sababu inasema ukweli. Kimya chenu kimewapa hao nguvu.

Mwaka 2020 HBO Max, huduma nyingine ya filamu mtandaoni, iliiondoa Gone with the Wind, filamu ya zamani inayoutukuza Kusini wa enzi ya utumwa, kisha baada ya wiki chache ikairudisha ikiwa na utangulizi wa Jacqueline Stewart, msomi Mweusi wa historia ya filamu. Fanyeni hivyo, tena kwa upana zaidi. Waiteni wanahistoria na wasimuliaji Weusi wa Georgia, wapeni muda na fedha, na wao waamue maelezo yaweje, bila idara yenu ya matangazo kuyapunguza makali. Msikate hata dakika moja. Kuikata ni kujisafisha. Iwekeni kwa wakubwa, mbali na kurasa za watoto. Toeni nakala kwa maktaba na vyuo, vya Afrika vikiwamo. Waandikeni mwanzoni wale wasimuliaji wa Turnwold kwa majina yao. Na kila senti itakayopatikana iende kwa wanaokusanya na kufundisha masimulizi ya Weusi wa Kusini.

Hakimiliki yenu itakwisha mwanzoni mwa mwaka 2042. Baada ya hapo yeyote ataweza kuiuza namna anavyotaka. Waliokaa juu katika sinema za kibaguzi mwaka 1946 na 1956 ni wazee sana sasa, na mwaka huo wengi wao hawatakuwapo kuulizwa walichokiona. Naomba muanze kuwauliza mwaka huu, na naomba unijibu hadharani, kama nilivyokuandikia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fasihi simulizi, Morogoro.