Barua kwa somo yangu: hiyo mbegu ya mpunga isiyokufa kwa dawa

Wete, Pemba

Somo yangu Asha,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mzee miguu imempa nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama uache mbegu yako ya mpunga uchukue hiyo unayouziwa, ambayo ikishaota unaipiga dawa ya magugu juu yake, majani yakafa na mpunga ukabaki. Kwa bonde lenu, jawabu langu ni kuwa masika haya usiichukue, hata kwa ploti moja, mpaka ujue mpunga mwitu ulio shambani mwako ni wa aina gani.

Kwanza ujue unauziwa nini. Mbegu hizi ziko za njia mbili. Kuna zilizotiwa jeni, yaani chembe ya urithi, ya kiumbe kingine (ndizo ziitwazo GMO), kama soya iliyoanza kupandwa Marekani mwaka 1996, inayostahimili glaifoseti, dawa inayoua karibu kila aina ya jani. Na kuna zilizopatikana kwa kuzigeuza mbegu kwa kemikali maabara, kisha kuchagua mche uliosalimika na dawa. Mpunga wa Clearfield, ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 2002, ni wa njia hii ya pili, si GMO. Unastahimili dawa za jamii ya imidazolinoni, basi. Ukiupiga glaifoseti unakufa kama mpunga wowote. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "haufi kwa dawa", muulize dawa ipi, na kiambato chake ni kipi. Asipojua, au mfuko ukiwa hauna lebo, usitoe pesa.

Sasa tupige hesabu, na tuipige kwa kilo za mpunga badala ya shilingi, maana bei ya leo si ya kesho. Namba hizi ni za mfano, wewe utie zako. Eka moja ya kumwaga inataka mbegu kama kilo 30. Ukitumia akiba yako umetoa kilo 30. Ya kununua, tuseme kilo yake moja ni sawa na kilo 3 za mpunga, basi ni kilo 90, umeongeza 60. Dawa ya kupiga mara mbili, kilo 50. Mpigaji na bomba la kunyunyizia, kilo 10. Gharama mpya ni kilo 120. Upande wa pili, palizi ya kwanza inataka vibarua 14 wa siku moja na ya pili 8, jumla 22. Hata ukipiga dawa utahitaji kama 5 wa kung'oa yaliyobaki, hivyo unaokoa 17. Kila mmoja kwa kilo 8, ni kilo 136. Faida yako kwa eka ni kilo 16, na mbegu utainunua tena ikiwa masharti yake hayakuruhusu kuweka akiba.

Na kama wanaopalilia ni wewe na binti zako na majirani mnaosaidiana kwa zamu, hizo kilo 136 hazipo kabisa. Lakini nisiionee mbegu hii. Faida yake ya kweli ni wakati. Mpunga hauvumilii kusongwa na majani katika wiki sita za mwanzo, na palizi ikichelewa wiki mbili kwa kukosa watu, hasara inaweza kuzidi hizo kilo 16 mara nyingi. Asiye na mtu wa kumsaidia ana sababu ya kuitamani, na mgongo wa mwanamke aliyeinama tangu asubuhi nao una thamani.

Kinachonizuia ni mpunga mwitu. Ng'oa mmoja pamoja na mzizi wake. Ukitoka na vikonyo vyeupe vinavyotambaa chini ya tope, na pale jani linapokutana na shina pakawa na ulimi, yaani kigozi chembamba, mrefu uliochongoka, huo ni Oryza longistaminata. Una matatizo mawili. Dawa za imidazolinoni huua vizuri mche unaoota kutoka kwenye mbegu, lakini kikonyo kilichozama kinachipua tena. La pili zito zaidi: huo ni ndugu wa karibu wa mpunga wetu, na chavua hupita baina yao, ingawa mara chache. Mara chache inatosha, kwa sababu ukishapiga dawa, katika miche iliyoota kwenye mbegu, kinachobaki hai na kumwaga mbegu ni kile chotara tu. Ule mpunga mwekundu unaopukutika kabla ya kuvunwa, ulio wa aina moja hasa na mpunga wa kupanda, ndio hatari kuliko yote. Marekani, Brazili na Italia umeshapata ustahimilivu huo kutoka kwa mpunga wa Clearfield. Ikifika hapo umelipia mbegu na dawa, na magugu yako hayafi kwa dawa hiyo tena.

Ukikuta hauna vikonyo, una ulimi mfupi na nywele ndefu kwenye punje, yaweza kuwa Oryza punctata, ambao hauzaliani na mpunga kwa urahisi. Hapo mbegu hiyo inaweza kukusaidia, kwa sharti usiipande mfululizo zaidi ya misimu miwili. Dawa hizi zote hupiga kimeng'enya kimoja ndani ya mmea, na magugu mengine nayo huzizoea upesi.

Liko na jambo la maji. Ploti zenu zinapokezana mfereji mmoja. Maji ya kwako yakishuka na dawa kwa jirani aliyepanda mpunga wa kawaida, unamuunguzia. Na baadhi ya dawa hizi hukaa udongoni. Lebo inaweza kutaka zaidi ya mwaka kabla ya kupanda mpunga wa kawaida, na mboga au viazi vya kufuatia navyo vikadumaa.

Badala yake fanya hivi. Mvua za mwanzo zikilowesha bonde, lima, sawazisha, kisha uache. Majani na mpunga mwitu vitaota. Vilivyotoka kwenye mbegu, baada ya siku 14 vifukie kwa kuburuga juujuu, usizame ukaleta mbegu nyingine juu. Penye vikonyo, usiguse mpaka majani yafike sentimita 20 hadi 30, ndipo upige glaifoseti kabla ya kupanda, kwani hiyo hushuka mpaka chini. Subiri tena siku 10 hadi 14 ndipo uburuge. Pima bomba kwanza: nyunyiza maji matupu kwenye mita 10 kwa 10. Yakienda lita 3, zidisha kwa 40, eka inataka lita 120, yaani bomba saba na nusu za lita 16. Kama lebo ya dawa ya gramu 360 kwa lita inasema lita 4 kwa hekta, ni lita 1.6 kwa eka, kiasi cha mililita 215 kwa bomba. Tumia maji safi ya kisima. Ya mfereji yana udongo, na udongo hushika glaifoseti ikapoteza nguvu. Chagua siku ambayo mvua haitanyesha kwa saa sita, na mpigaji avae buti, glovu na suruali ndefu.

Halafu pandikiza kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Mbegu itashuka kutoka kilo 30 hadi kama 10 kwa eka, na chochote kinachoota nje ya mstari unajua si chako. Miche ikishika, weka maji sentimita 5, na pitisha mashine ya palizi ya kusukuma siku ya 10 au 12, kisha urudie baada ya siku 10.

Kwa mahindi ya shamba la juu yenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nasema vingine. Mbegu ya mahindi iliyopakwa imazapiri, dawa ya jamii hiyo hiyo ya imidazolinoni, kama Ua Kayongo ya Kenya, hutumia dawa kidogo mno, tena ndani ya shimo tu. Usichanganye mbegu hiyo na nyingine mkononi bila kunawa, na kunde ziwe mbali na shimo kwa sentimita 15.

Nitumie miche miwili mitatu ya huo mpunga mwitu na mizizi yake, uifunge na gazeti lililoloweshwa. Yeyote anayekuja Wete atanifikishia. Wasalimie wote nyumbani.

Wassalaam,
Somo yako, Asha