Mwanangu ameomba nisifike uwanjani

Ndugu mshauri, assalaam aleikum.

Ninakuandikia alfajiri na sijalala. Jana baada ya mazoezi kocha aliniita pembeni, chini ya mwarobaini, akaniambia kwa adabu zote kwamba kijana wangu ameomba Jumamosi nisije. Ana miaka 12, tunakula sinia moja, na hilo akalipitisha kwa mtu wa nje.

Sikatai kwamba huwa ninapaza sauti, lakini Tanga unaijua. Mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Bara, nilikuwa na miaka saba, na marehemu baba alikuwa akinibeba mabegani Mkwakwani huku akipiga kelele kuliko jukwaa zima, wala sikumwonea haya. Wapo wazazi wanaomtukana refa matusi ya nguoni mbele ya watoto. Mimi sijawahi, huwa ninaelekeza tu, panda, rudi, piga. Mama yake anasema ubaya ndio huo, kwani kocha amemwambia abaki nyuma na mimi ninamwambia apande.

Mechi iliyopita alipigiwa pasi akiwa peke yake, winga ya kushoto. Kabla ya kuugusa mpira aligeuka kunitazama, ukampita chini ya mguu ukatoka nje. Nikamwita mzembe, kwa sauti iliyofika goli la pili, na wenzake wakacheka. Huenda ni neno hilo. Hata hivyo njumu nimemnunulia mimi, na kila Jumamosi ninafunga duka wateja wakiwa mlangoni. Alishindwaje kuniambia mwenyewe?

Nimewaza kumtoa kwenye timu hiyo, ingawa kocha hana kosa. Nimewaza pia kwenda kusimama nje ya ukuta, upande wa barabara, nisikilize tu. Usiku nilifika hadi mlangoni kwake, nikarudi, kwa sababu sijui baba huanzaje kumwomba radhi mtoto wa umri ule, na tena sina hakika kama ni mimi ninayepaswa kuomba. Sasa hivi nimemsikia akitoka kwa mlango wa uani, taratibu, njumu zikigongana ndani ya mfuko wa rambo.

Amemwambia kocha, hakuniambia mimi. Mechi ni keshokutwa saa kumi jioni. Niende, nisiende?

Mzazi, Ngamiani, Tanga