Ghana ilikosa gesi, haikukosa mitambo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mitambo ya umeme wa gesi Afrika Magharibi imehesabu megawati kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja tu: gesi yenyewe itatoka wapi, na nani ameahidi kuilipia. Sikuliona. Niliishi Tema, mji wa bandari wa Ghana, mwaka 2014 na 2015, na niliyoyaona kule hayaniruhusu kukaa kimya.

Nyumba niliyopanga ilipakana na duka la samaki wa barafu la mama mmoja mwenye friza tatu. Siku hizo ratiba ya mgao ilikuwa umeme upo kwa muda wa saa 12, kisha haupo kwa muda wa saa 24, na hata ratiba hiyo haikufuatwa. Waghana wana neno lao, dumsor, yaani zima-washa. Kila alfajiri, kabla hata ya kufungua dirisha la duka, mama yule alikuwa akilaza kiganja juu ya kifuniko cha friza na kutulia. Akisikia mtetemo, anatoa mizani. Asiposikia, anarudi ndani bila kusema neno. Kuna mara umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Alipoinua kifuniko, harufu ilitufikia sote uani. Vibua vilikuwa vimelegea, maji mekundu yamejaa chini. Tulimsaidia kuvipakia kwenye mabeseni, akavipeleka kwa mwenzake mwenye majiko ya Chorkor, yale ya udongo yanayopangwa trei za waya juu yake, wakakesha wakivikausha kwa moshi. Aliviuza chini ya bei aliyonunulia.

Sasa, kilomita chache kutoka duka lile, upande wa Kpone, ulikuwapo mtambo wa gesi wa megawati 200 uliojengwa na Wachina na kuanza kazi tangu mwaka 2010. Upande wa magharibi, Aboadze karibu na Takoradi, mitambo ya gesi ilikuwapo tangu miaka ya tisini. Mashine hazikuhitaji kuvumbuliwa. Zilihitaji gesi.

Gesi hiyo ilitegemewa itoke Nigeria kwa bomba la kilomita 678 linalopita chini ya bahari mbele ya Benin na Togo hadi Takoradi. Agosti 2012 maharamia walijaribu kuiteka meli karibu na Lomé. Katika purukushani ile nanga ya meli ililikokota bomba na kulipasua, na Ghana ikakaa karibu mwaka mzima bila gesi hiyo. Bomba lilipotengenezwa, gesi iliyokuja ilikuwa pungufu ya ile ya kwenye mkataba, kwa sababu Nigeria nayo ina mitambo yake inayolia njaa. Mwaka 2015 wauzaji wakatishia kuipunguza zaidi kwa sababu ya deni. Bwawa la Akosombo, ambalo tangu mwaka 1966 ndilo lililoibeba nchi, nalo maji yalikuwa yamepungua.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na naomba wasomaji walitazame vizuri. Serikali iliyobanwa na giza, huku wananchi wakiandamana na mishumaa mikononi, iliamua kutafuta mitambo zaidi. Mikataba ya dharura ikasainiwa mmoja baada ya mwingine, mingi ikiwa ya kulipia mitambo iwake isiwake. Giza likapungua, ni kweli, na mimi nilishukuru kama wenzangu. Lakini Julai 2019 Waziri wa Fedha, Ken Ofori-Atta, alisimama bungeni na kueleza kwamba nchi ina uwezo wa kufua megawati 5,083 wakati matumizi ya juu kabisa ni kama 2,700, na kwamba inalipa zaidi ya dola milioni 500 kila mwaka kwa umeme ambao hauhitajiki. Mkataba mmoja wa mwaka 2015 ulipovunjwa mwaka 2018, mwekezaji alikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2021 Ghana ikaamriwa imlipe dola milioni 134 na riba juu yake. Watanzania wanaoikumbuka IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme iliyolipwa hata mitambo yake isipowaka, hawahitaji kufafanuliwa maana ya malipo ya namna hii.

Na gesi? Ghana ilikuwa na yake. Visima vya Sankofa, baharini upande wa magharibi, vilianza kutoa gesi mwaka 2018, chini ya mkataba unaotaka gesi ilipiwe ichukuliwe isichukuliwe. Ila sehemu kubwa ya mitambo mipya ilikuwa Tema, upande wa mashariki, na lile bomba la Nigeria lilikuwa limejengwa kuleta gesi kutoka mashariki kwenda magharibi. Mpaka njia ya kuirudisha gesi upande wa pili ikamilike mwaka 2019, nchi ilikuwa na gesi ya kulipia huku na mitambo ya kulipia kule. Meli ya Kituruki ya kufua umeme iliyokuwa imetia nanga Tema ikichoma mafuta mazito ikabidi ihamishiwe Sekondi mwaka huo huo, iifuate gesi. Meli inaweza kuhama. Mtambo uliomwagiwa zege hauhami.

Sipingi umeme wa gesi. Kazi iliyonivutia zaidi Ghana yote imefanyika hapo hapo Aboadze, kwenye mtambo wa kampuni ya TICO. Mashine zake mbili zilikuwa zikitoa megawati 220, na moshi wenye joto kali ukipotea angani. Mwaka 2015 waliongeza mashine ya mvuke: moshi ule ule unachemsha maji, mvuke unazungusha mashine ya tatu, na sasa mtambo unafikia megawati 340 kwa gesi ile ile. Katika ule mwaka wa mikataba ya haraka, sikuona gazeti lolote likiipa kazi hiyo ukurasa wa mbele.

Senegal na Mauritania zimeanza kuvuna gesi yao ya baharini, na Senegal inajenga mitambo ya kuitumia. Mtaandika tena, na picha ya kiongozi akikata utepe itakuwapo. Ombi langu ni kwamba mwandishi wenu aulize mbele ya kamera ile ile: bomba la kufikisha gesi mtamboni limekwisha au bado liko kwenye mchoro, ni kiasi gani kitalipwa mwezi ambao mtambo haukuwaka, na mkataba unasomwa wapi na raia wa kawaida. Waziri akikataa kujibu, liandikeni hilo nalo, pamoja na tarehe.

Mama wa friza nilizungumza naye kwa simu mwaka 2019, wiki ile waziri aliposema bungeni. Alikuwa amebakiza friza moja. Umeme siku hizi upo, aliniambia, ila bili imempita uwezo.

Msomaji wenu,
Tanga