Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Assalaam aleikum ndugu wanachama, wazee wetu na vijana mliofika kutoka Micheweni, Mkoani na hapa Wete.

Mambo ya fedha ataeleza mshika fedha. Mimi nitasema juu ya darasa la Katiba ya Zanzibar, maana ndilo lililotushughulisha zaidi mwaka huu na ndilo lililonigusa moyo.

Katika kila shehia tuliyokwenda, Mabadiliko ya Kumi ya Katiba hiyo, ya mwaka 2010, yanajulikana kwa jambo moja: Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yenye Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Rais. Watu wanakumbuka maridhiano ya Mzee Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati ule, na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, mwishoni mwa 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali. Sisi Wapemba tuliopita katika miaka ile ya uhasama tunajua ukubwa wa jambo hilo.

Lakini wachache sana wanakijua kifungu cha 80A, kilicholetwa na mabadiliko hayo. Kabla yake, theluthi mbili ya Wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, walitosha kubadilisha Katiba. Sasa vifungu vilivyotajwa humo havibadiliki mpaka wananchi wenyewe tukubali kwa kura ya maoni. Mimi naiona hii kuwa haki kubwa kuliko vyeo vyote vilivyoundwa mwaka ule, kwani serikali hupita na kura yetu inabaki. Ajabu ni kwamba hata baadhi ya walimu wa skuli walikuwa hawajaisikia.

Kina mama walishikilia suala la viti. Mabadiliko hayohayo yalipandisha viti maalumu vya wanawake Barazani kutoka asilimia 30 hadi 40. Mjadala ulikuwa mkali, na kauli iliyotawala ni kwamba viti hivyo visiwazuie wanawake kugombea majimbo. Naiunga mkono.

Sura ya Tatu, yenye haki za msingi, imo tangu Katiba ya 1984. Usawa mbele ya sheria umo, uhuru wa maoni umo, na haki ya kupewa taarifa imo. Anayevunjiwa haki hizo anaweza kwenda Mahkama Kuu. Hapo ndipo tulipokwama: mtu wa Konde anaujua mlango, nauli na wakili hana. Kamati inapendekeza tuanzishe mfuko mdogo wa kumsaidia mwanachama apate ushauri wa sheria.

Vijana wetu waliotimiza miaka 18 wana haki ya kupiga kura, ila bila Kitambulisho cha Mzanzibari hawaandikishwi. Wapo waliozungushwa miezi. Naomba kila tawi lilete majina yao kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika, ili wiki ijayo tuwasindikize wote pamoja.